Mgongo wa Ukungu

Ujumbe uliingia saa kumi na moja alfajiri
nimejikunyata kwenye kiti cha chuma pale Songwe,
ukungu umelala juu ya njia ya ndege
kama ng'ombe aliyegoma.
"Mpendwa mteja, tumeboresha mpango wako."

Kuboresha. Neno hili nalijua.
Chama cha msingi nacho kiliboresha mizani,
gunia la baba likapungua kilo tatu.

Miaka sita naonja kahawa ya Mbozi,
naishika Dar, naunganisha Kilimanjaro, narudi,
sampuli begani, ulimi umeungua.
Kadi yangu ni ya fedha
(fedha ya rangi, si ya mfukoni),
zilibaki safari mbili niguse dhahabu.
Nilizihesabu kama mama ahesabuvyo vifaranga magharibi:
kwa kidole, kimya, mara mbili.

Sasa safari hazihesabiwi tena. Wanahesabu shilingi.
Aliyeruka mara moja kwa tiketi nono
kanipita mimi wa mara arobaini.
Pointi elfu kumi na nane
zimeamka elfu nne na ushee,
na hizo nazo zitakufa mwisho wa Juni.

Nikapiga simu. Kinanda, kinanda, kinanda,
kisha kijana, Elkana, sauti ya upole:
"Pole dada, ni mfumo umeamua."
Nikamuuliza, huyo Mfumo ni mtoto wa nani?
Anakaa wapi nimfuate?
Akacheka kidogo. Akaomba nimpe alama, moja hadi tano.

Zile pointi zilikuwa na jina: Tupokigwe.
Mama yangu, wa Isongole,
miaka sabini na mmoja chini ya ukungu,
hakuwahi kuniomba kitenge wala godoro.
Aliniomba siku moja, akipepeta maharage:
"Huu ukungu nimeuona tumbo tu.
Nataka niuone mgongo."

Saa nne kukapambazuka. "Abiria wa dhahabu watangulie."
Akainuka mtu mmoja. Tukamngoja avuke lami,
sisi sitini, kwa ndege ile ile.

Nilikaa dirishani. Nikapiga picha.
Jumamosi nikampelekea mama, jikoni,
akafuta mkono kwenye kanga, akaishika simu,
akaitazama, akaigeuza juu chini.

"Mbona ni ukungu tu?"
"Ndiyo, mama. Ni ule ule."
Akanirudishia,
akaendelea kumenya viazi.