Kamba ya Pampu

Mkono wa pampu ya soko la Luanda ulivunjika
mwaka ule wa kura, siku siikumbuki.
Mtu akafunga kamba.
Ni nani? Hata mwenyewe amekwisha kujisahau.
Kamba ya mkonge, mafundo mawili, kijiti katikati,
vuta-achia, vuta-achia,
maji yakatoka kwa kukohoa.
Tukasema: si yanatoka?

Watoto waliozaliwa mwaka ule
sasa wana ndevu za kwanza
na wanajua pampu ni kitu cha kamba
kama wanavyojua jogoo ni kitu cha kuwika.
Viganja vyetu vina mstari mmoja zaidi
ambao hakuna mpiga ramli anayeusoma.

Kisha akaja Anzetse, bintiye Omulando mchomeleaji,
ametoka chuo cha ufundi na rula ya chuma mfukoni.
Alikaa pale kisimani siku tatu,
hateki, anahesabu.
Mivuto arobaini na saba kwa ndoo moja.
Arobaini na saba! Alituambia kama anayetangaza msiba.
Tukamwuliza: kwani wewe ulitaka mingapi?

Akaenda akachomelea, akakereza:
gurudumu la baiskeli, springi ya Pijo iliyokufa,
vyuma vya kitanda cha bweni.
Jumamosi moja akaufunga mtambo wake.
Mivuto tisa, ndoo ikafurika.
Mama Ongachi alicheka hadi akakaa chini kwenye tope.
Tulipiga makofi. Tulipiga picha.
Mimi nilipiga vyote viwili, sikatai.

Ndipo likaja lile neno "lakini",
limevaa koti.
Lakini nani ameidhinisha?
Lakini kingekuwa kitu cha maana
si ng'ambo wangekuwa wameshatuuzia?
Lakini kamba imemkosea nani?
Kamati ikaundwa, watu kumi na wawili,
ikanywa chai, ikaahirisha,
ikanywa chai.
Mtambo ukawekwa stoo kwa chifu usije ukaharibika.
Kuku akaatamia ndani ya gurudumu,
akaangua vifaranga tisa,
wote wazima.

Hakuna aliyemfukuza Anzetse. Niandike hilo wazi.
Hakuna jiwe, hakuna tusi.
Tulimwitikia tu: sawa, sawa,
ile sawa yetu laini kama uji wa mgonjwa,
mtu anaweza kuzama humo asisikike.
Jioni redio husema taifa linahitaji wabunifu.
Tunaongeza sauti, tunatikisa kichwa:
kweli kabisa, wako wapi?
Na kule nje kamba inalia,
kwii, kwii.

Siku hizi Anzetse ana kibanda mkabala na posta.
Anauza kamba.
Pampu hula moja kila wiki mbili, biashara si haba.
Amenenepa kidogo, anacheka upesi.
Juzi nilimtania:
hujabuni kamba isiyokatika?
Akanitazama muda mrefu kuliko utani wenyewe.
"Halafu nile nini?"
Akanikatia mita nne, akanifungia kwa karatasi.

Nyumbani nikaikunjua.
Penseli. Gurudumu, springi, mishale,
vipimo vya milimita kwa mkono usiotetemeka,
na pembeni: arobaini na saba,
mstari,
tisa.
Nyuma yake, deni la mtu wa sukari.
Nilikaa nayo. Chai ikapoa.

Meza yangu inayumba tangu Krismasi,
mguu mmoja ni mfupi.
Karatasi ile ni nzito, ya kuchorea, karatasi bora.
Nimeikunja mara nne.
Sasa haiyumbi.
Si imetulia?