Sikio la Kushoto

Chini tuliacha jozi tatu za ndara,
nasi tu wawili.
Ngazi mia saba na kumi na mbili, peku,
jiwe limeshika jua kama kikaango.
Mama Thangammal hataki mkono wangu.
Kila kituo anauliza bei ya nazi,
anasonya, anapanda.

Kilimani wanasimulia hivi:
mchongaji alipomaliza sikio la kulia
akainua tindo aanze la kushoto,
mungu wa kike akamshika kifundo.
"Acha. La kusikilizia ninalo.
Hili libaki jiwe."

Basi foleni yote huelekea kulia:
mitihani, viza ya Dubai, mimba, kesi ya shamba.
Kuhani, moshi wa kafuri machoni,
anahimiza: "Fupi, fupi, wenzenu wanangoja."

Mama akafika.
Akapita kulia bila kusimama,
akazunguka, akainama kushoto
kwenye lile bonge lisilo na tundu,
akanong'ona kirefu.
Kuhani akakohoa. Hakuinuka.

Tukishuka nikathubutu:
"Mama, huko si hasikii?"
Akakaza pindo la sari,
akanimegea nazi, tamu, yenye mchanga kidogo.
"Ndiyo maana," akasema.

Mlinzi akapokea kibati, namba arobaini na nane,
akasukuma jozi tatu.
Mama akavaa zake, nami zangu.
"Na hizi za kiume?"
Mama alikwisha kuvuka barabara,
anauliza bei ya miwa.