Michoro: S. Likwata

Jina lake liko nyuma ya jalada,
herufi ndogo kuliko bei:
Michoro: S. Likwata, Newala.

Darasa la pili, watoto wanne kitabu kimoja,
ukurasa wa kumi na nne umeachia uzi.
Foleni ya ndoo kwenye bomba la Kitangari,
ya tatu ina kiraka cha lami.
Nikapiga kelele, "Hiyo yetu!"
Mwalimu akanichapa.
Ilikuwa yetu.

Wanasema mhariri wa Dar aliandika pembeni, wino mwekundu:
ondoa kiraka, watoto wapende.
Somoe akachora upya foleni nzima,
akaongeza mama aliyesinzia, shavu juu ya mfuniko,
na kiraka akakiacha.

Alichorea kibatari.
Kuna doa la masizi angani, kushoto;
miaka yote nilidhani wingu.

Vitabu vya sasa vina rangi tele,
ndoo zote mpya, hakuna anayesinzia.

Leo nilifundisha neno "foleni".
Nikachora ndoo tatu ubaoni,
chaki ikaenda yenyewe kwenye ile ya mwisho.
"Inavuja?" akauliza mtoto wa mbele.
Kidogo, nikasema.
Kidogo tu.