Kifungu cha Kumi na Nne

Mkataba ulikuja na ndege ya barua, kurasa mia mbili na sita,
ukakaa mezani kama mgeni asiyesema ataondoka lini.
Ndani yake sisi tunaitwa Mkandarasi Mdogo.
Mkandarasi Mkuu yuko Virginia. Sijapata kumwona,
ila kila senti ya jeshi hupitia kwake kwanza,
hutufikia imekonda.

Niliusoma mimi, Verna Tokeinna, karani wa ushirika wa simu:
watu wanane, jenereta mbili, mnara mmoja.
Mwaka wa kwanza ni wa lazima. Minne inayofuata ni ya hiari,
na hiari si yetu.
Serikali yaweza kuuvunja siku yoyote kwa manufaa yake;
manufaa yetu nimeyatafuta mpaka kwenye viambatisho.
Laini ya rada ikikatika, irudi ndani ya saa mbili.
Baada ya hapo kila dakika ina bei.

Msinielewe vibaya. Kabla ya rada
tulizungumza na Anchorage kwa redio, kwa zamu,
nusu ya maneno yakiliwa na upepo.
Ni fedha ya kambi iliyolaza kebo chini ya barafu,
na uzi uliosalia tukaufikisha zahanati.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, nilisema siku ya saini.
Delbert, fundi wetu wa pekee, akacheka, akaomba glavu mpya.

Februari, usiku, dhoruba iling'oa viwili pamoja:
kipokezi cha kilimani
na kisanduku cha zahanati.
Lucille Oovi alikuwa na uchungu tangu mchana.
Daktari wake, maili mia tano mbali, alikuwa akimwelekeza mkunga,
akafika kwenye neno "bega",
skrini ikazima.

Delbert aliniita redioni. "Nianze wapi?"
Alijua. Alitaka tu lisemwe na kinywa kingine.
Nikafungua kifungu cha kumi na nne, nikamsomea,
polepole, na nambari zake zote.
Nikasikia pikipiki ya theluji ikiupanda mlima.

Muda wa kurejesha huduma: saa moja, dakika hamsini na moja.
Faini: hakuna.
Virginia walituma barua ya pongezi, mstari mmoja na nusu,
jina la Delbert wamelikosea.

Mtoto yu hai. Anaitwa Percy.
Mkono wake wa kushoto haujajifunza kushika.

Lucille huja naye kila mwisho wa mwezi kulipia simu.
Huhesabu noti, hungoja risiti, husema baridi imezidi.
Leo amenikuta nikijaza fomu ya mwaka wa pili wa hiari.
Malalamiko ya mteja, fomu inauliza.
Nimerudi ukurasa wa tatu, penye maana za maneno.
Mteja ni jeshi.
Nimeandika: hakuna,
na Percy, kwa mkono ule mwingine,
amenikamata kalamu.