Lentulo ni Ngapi?

Padri Muhoro alitufunza Kilatini
kwa rula na uvumilivu, hasa rula.
Miaka minne ya seminari, nikatoka na nini?
Majina.
Leo nauza nafaka Nyamakima,
mlango wa tatu kutoka kwa fundi wa mizani,
na kila asubuhi nikikunja midomo ya magunia
naona koo za Roma zimepanga foleni.

Maharagwe: faba. Hao ni akina Fabio.
Kamande: lens, lentis. Akina Lentulo,
maseneta wenye pindo la zambarau
walioitwa kwa chakula cha mgonjwa.
Minji ni Piso. Dengu ni Kikero,
kwa kuwa babu yao mmoja, husimuliwa,
ncha ya pua yake ilipasuka kama punje.
Wengine hukataa: si pua, ni shamba.
Padri alisema tusibishane na wafu, tuandike.

Nami nilibatizwa Klaudio.
Claudus: achechemeaye.
Nilicheka, maana nilikuwa winga wa kulia
na hakuna beki Limuru nzima aliyenishika.
Jina likanyamaza. Likangoja miaka ishirini na sita,
mpaka gunia la kilo tisini lilipomponyoka hamali
likatua juu ya mguu wangu wa kushoto.
Sasa naliitikia kwa kila hatua.

Haya yote namweleza Nanjala
akichambua kamande kwenye ungo,
vijiwe akivitupa ndani ya kopo la rangi.
"Kwa hiyo walikuwa watu wazito
na wakakubali kuitwa Maharagwe?"
Walijivunia, nikamwambia.
"Kwetu Maharagwe angehama kijiji."

Na jina lako wewe?
Nikauliza kana kwamba sijui.
Enjala, njaa: lugha mbili, tumbo moja.
Hakuinua macho.
"Hilo hupewa aliyepona.
Dada yangu aliyenitangulia
hakufika kwenye jina."
Kijiwe kikalia ndani ya kopo.
Sikuwa na Kilatini cha kumjibu.

Tarehe tano wakala wa nyumba akaja na kitabu cha risiti.
Julai, akaandika, kalamu ikikwaruza.
Nikamshika mkono: hiyo nayo ni familia, bwana,
akina Julio. Hawa punje haikuwatosha,
walijitwalia mwezi mzima, siku thelathini na moja.
Na jina la tawi lao moja, Kaisari,
likatoka nyumbani likawa cheo,
watu wakalitozwa kodi mashariki na magharibi.
"Basi na wewe lipa," akasema.
Nikalipa. Risiti iko pale, msumarini,
Julio na Klaudio kwenye karatasi moja.

Lakini Nanjala alikuwa amesikia zaidi ya nilivyodhani.
Jumatatu akaniita kutoka ghalani:
"Fabio imebaki madebe mawili!
Lentulo ina dumuzi, usiipokee!"
Hamali wakadaka, wao hudaka chochote
kinachopunguza uzito wa mgongo.
Kufikia mvua za vuli duka la jirani nalo linasema hivyo,
na mama wa hoteli Barabara ya Kirinyaga
hutuma mtoto na kikapu na neno hilo moja,
hajui kwamba ni la watu,
kwamba waliwahi kulitia nakshi kwenye mawe
wakiamini jiwe halichambuliwi.

Jana mtoto alisimama mlangoni, sare imelowa.
"Lentulo ni ngapi?"
Mia na themanini, nikasema,
nikachechemea hadi kwenye mizani.
Nikapima kilo, sindano ikatulia.
Nanjala akanyoosha mkono kutoka kwenye ungo
akaongeza konzi moja juu yake,
ambayo hakuna aliyeipima.