Terabaiti Mbili

Ya kwanza ilikufa kwa sauti: ti, ti, ti,
kama kucha juu ya bati,
studioni kwangu Kanyenye, saa nne asubuhi,
kebo iliponasa mguuni mwa mteja
na diski ikashuka toka mezani
hadi kwenye saruji.
Sentimita sabini.
Harusi mia mbili na tatu.

Kalunde alikuja Jumatatu iliyofuata.
Alitaka harusi yake ya mwaka kumi na nne,
si yote, alisema, si keki, si magari,
pale tu baba anaposimama kutoa nasaha,
anasahau maneno, anacheka.
Baba wamemzika Sikonge mwezi wa saba.
Nikamwambia diski imekufa.
Akauliza, "Na yenyewe umeizika wapi?"
Ilikuwa kwenye droo,
kati ya risiti na betri zilizovimba.

Ndiyo maana nimeegemea kaunta ya Mlekwa,
natafuta isiyo na sahani wala sindano,
isiyozunguka, isiyoguna,
itakayoanguka, iokotwe, iendelee.

Mlekwa ananiwekea mbili.
"Hii terabaiti kumi na sita, elfu hamsini na tano.
Hii mbili tu, laki nne na nusu.
Macho ni yako."
Naipima ya kwanza kiganjani. Nzito, inang'aa,
ina jina refu ambalo sijalisoma popote.

Lakini mimi nimelelewa na muuza asali.
Mama hakununua dumu kwa rangi, wala kwa uzito;
sukari guru nayo ni nzito.
Alitumbukiza kijiko kirefu hadi kwenye kitako,
akaonja ya chini.
"Ya juu," alisema, "kila mtu huipamba."

Basi nikaomba kiti na umeme.
Nikaimiminia video, moja baada ya nyingine.
Ikapokea.
Haikukohoa, haikusema nimeshiba.
Treni ya Mpanda ikapiga honi, ikaondoka,
nayo bado inapokea,
kama mjomba wangu mmoja
ambaye hakuwahi kumwambia mtu hapana
na hakuna aliyepata kitu kwake.

Nikafungua za juu: zipo.
Nikashuka hadi faili la mia saba na kumi:
jina lipo, tarehe ipo, ukubwa upo,
ndani kiza.
Majina yamepangwa vizuri, mstari kwa mstari,
kama misalaba
juu ya makaburi ambayo hayakuchimbwa.

Mlekwa akaleta bisibisi.
Ndani: kadi ndogo ya simu, imebandikwa kwa gundi,
na nati mbili za baiskeli
za kuongezea uzito.
Tukacheka. Kisha yeye akaacha.
Alikwisha kuuza tisa,
moja kwa kwaya ya parokia,
moja kwa mwalimu wa Uyui
anayerekodi vitendawili vya bibi zake.
Akachukua simu, akaanza kutafuta namba zao.

Nimechukua ya mbili.
Nyepesi hadi inatia shaka,
ndogo kuliko kipande cha sabuni.
Usiku nikaijaza mpaka mwisho, makusudi,
ikaniambia wazi: nafasi haitoshi.
Sijawahi kukataliwa nikafurahi hivyo.

Sasa nachagua.
Keki zinatoka. Misafara ya magari inatoka.
Dakika arobaini za mshereheshaji akijisifu,
nazifuta bila huruma.
Anabaki shangazi anayesaka kiatu kimoja,
mtoto aliyelala chini ya meza ya zawadi,
bwana harusi akijifuta jasho kwa tai;
wanabaki wazee wote waliosahau maneno.
Nakala ya pili itakwenda Urambo kwa dada yangu.
Kitu kimoja, mahali pamoja,
hicho umekiazima tu.

Na kuna folda moja:
Kalunde, tarehe, mwaka. Ndani hamna kitu.
Kompyuta inauliza: hii ni tupu, niifute?

Nimebofya hapana.
Sifuri haijazi nafasi.