Stakabadhi Iliyochelewa

Barua ya wafadhili ilifika Newala mwezi wa sita,
ukurasa mmoja, mistari mitano,
wa mwisho ukitutakia kila la heri.
Mama Skolastika Hokororo aliisoma mara mbili,
akavua miwani, akaiweka juu ya barua
kama anayezuia karatasi isipeperuke,
na upepo haukuwapo.

Vitanda kumi na vinne. Wajawazito ishirini na mmoja.
Saba wanalala chini, miguu imevimba,
wametoka Kitangari, Mkwedu, Mnyambe,
kungojea siku zao karibu na daktari.
Maji tunanunua kwa ndoo.

Kikao kikasema: tuwaandikie matajiri.
Wote. Barua moja, nakala mia.
Mimi Somoe, mweka hazina, ninayejua bei ya nakala mia,
nikasema ngojeni kwanza,
nikatoa kabatini madaftari ya harambee.

Humo ndimo nilimomkuta.
Daftari la kijani, pembe zimeliwa na mchwa:
Bakiri Nandonde, ghala la korosho, sh. 50,000.
Mbele yake, pa kuandika namba ya stakabadhi,
peupe.
Miaka mitatu, peupe.
Alitoa, tukapiga vigelegele,
kisha tukamsahau kama mdeni aliyekwisha kulipa.

Nikauliza: elfu hamsini ile ilinunua nini?
Mkunga Asumini peke yake alikumbuka.
Mabeseni mawili, taa moja ya sola.
Taa ilikufa. Beseni moja lina ufa,
jingine linaogeshea watoto hadi leo.

Nikaandika stakabadhi. Tarehe nikaweka ya siku ileile,
sikuirudisha nyuma.
Ghala lilikuwa tupu, linanuka magunia ya mwaka jana,
naye amekaa juu ya mizani,
kilo tisini na mbili,
mshale unatikisika kila akicheka.

Nikamweleza beseni. Nikamweleza na taa.
Akaigeuzageuza karatasi kama anapanga daraja la korosho,
akitafuta iliyooza.
"Umepanda bodaboda kuniletea hii?"
Ndiyo.
"Na huombi kitu?"
Leo siombi.

Mara ya pili nilimpelekea bei ya mabati, kwa kuwa aliuliza.
Mara ya tatu alikuja mwenyewe, akaishia mlangoni,
akawahesabu waliolala chini, midomo ikitembea
kama anahesabu shehena.
Mara ya nne tulikutana msibani,
nikampa pole, basi.

Kila Ijumaa Mama Skolastika: "Umeshamwomba?"
Nikasema mkorosho haupandwi leo ukaokotwa kesho.
Akasema mimba nazo hazingoji mikorosho.
Tulikuwa na haki wote wawili,
na hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Mwezi wa kumi, malori yamepanga foleni,
nikamtajia: milioni kumi na mbili.
Chumba kimoja, vitanda vinane, tangi la maji ya mvua.
Nikanyamaza.
Ulimi ulitaka kupunguza,
kumi, nane, chochote ulichojaaliwa.
Nikaung'ata.
Nje wapagazi waliita uzito wa magunia:
themanini, sabini na tisa, themanini na moja,
themanini.

"Saba," alisema. "Baada ya mnada wa pili.
Hizo tano nitakupa majina ya watu watatu,
ila uwaendee kama ulivyonijia mimi."
Akainuka, mshale ukarudi sifuri.
"Lile beseni lenye ufa mmelitupa?"
Tunawekea mkaa.
"Msilitupe."

Usiku nikafungua daftari jipya.
Milioni saba sikuziandika, ahadi haina namba ya stakabadhi.
Niliandika majina matatu,
moja moja, kwa mkono usioharakisha.
Kisha, sijui kwa nini,
nikalivuta tena lile la kijani, nikatafuta la kwanza.

Limo. Ukurasa wa tisa.
Sh. 20,000.
Peupe.